Wimbo wa wafungwa watano uliovuka ukuta wa gereza

Juni 1, 1953, wafungwa watano weusi walitolewa katika gereza kuu la jimbo la Tennessee, kusini mwa Marekani, wakisindikizwa na walinzi wenye silaha. Hawakuwa wakipelekwa mahakamani, wala hawakuwa wakihamishiwa gereza jingine. Walikuwa wanakwenda Memphis, mji ulio kando ya Mto Mississippi, zaidi ya kilomita 300 kutoka Nashville lilipo gereza hilo. Walikuwa wanakwenda kuimba.

Walianza kurekodi saa nne na nusu asubuhi. Walipomaliza ilikuwa saa mbili na nusu usiku. Kazi ya siku hiyo ilizaa santuri moja yenye wimbo mmoja kila upande, na waimbaji wakarudishwa gerezani kuendelea na vifungo vyao.

Miaka mitatu baadaye, mmoja wa nyimbo hizo, "Just Walkin' in the Rain", ulishika nafasi ya pili katika chati za Marekani na ukakaa wiki saba katika nafasi ya kwanza Uingereza. Sauti iliyosikika redioni ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. Mtunzi wake, Johnny Bragg, alikuwa bado ndani.

Kundi hilo liliitwa The Prisonaires, jina lililoundwa kutokana na neno la Kiingereza la mfungwa. Leo hata wapenzi wa muziki wa zamani huko kwao wengi hawalifahamu. Lakini kisa chake kitaeleweka haraka na yeyote anayeishi kwa kupeleka mzigo ng'ambo ya mpaka. Ni kisa cha mali iliyofika mbali kuliko wenye mali, na cha karatasi iliyoamua nani alipwe na nani asilipwe.

Muziki usiohitaji mtaji

Mtindo waliouimba ndio baadaye ulioitwa duwopu. Jina hilo linatokana na vijineno visivyo na maana ambavyo waitikiaji huvitamka kuiga ala za muziki, huku mwimbaji kiongozi akibeba maneno ya wimbo. Kundi la kawaida lilikuwa na watu wanne au watano: kiongozi mwenye sauti nyororo, teno mmoja au wawili wa juu, sauti ya kati na mwenye besi nzito ya kushikilia chini.

Ulikuwa muziki wa watu wasio na kitu. Vijana weusi wa New York, Philadelphia, Chicago na Los Angeles waliufanyia mazoezi kwenye kona za mitaa, ngazi za majengo na vyoo vya shule, mahali ambapo kuta zinarudisha mwangwi. Gitaa lilihitaji pesa na piano ilihitaji nyumba. Sauti haikuhitaji chochote. Makundi mengi yalijipa majina ya ndege: Orioles, Ravens, Crows, Penguins, Flamingos. Mengi yaliingia studio mara moja au mbili, yakatoa santuri iliyosikika kwa miezi michache, kisha wanachama wakarudi kwenye vibarua vyao.

Prisonaires hawakuwa na kona ya mtaa. Walikuwa na kuta, na mwangwi ulikuwa wa bure.

Watano na vifungo vyao

Johnny Bragg, mzaliwa wa Nashville, aliingia gerezani mwaka 1943 akiwa bado kijana mdogo. Alihukumiwa kwa makosa sita ya ubakaji, kila kosa miaka 99, vifungo vifuatane kimoja baada ya kingine. Jumla yake ni miaka 594. Bragg aliyakana makosa hayo katika maisha yake yote. Hukumu ilitolewa katika zama ambazo sheria za majimbo ya kusini ziliwatenga weusi na weupe shuleni, kwenye mabasi na hotelini, na mshtakiwa mweusi hakutarajia kumwona mweusi mwenzake miongoni mwa wazee wa baraza.

Ed Thurman na William Stewart walikuwa wakitumikia miaka 99 kila mmoja kwa mauaji. John Drue alikuwa na miaka mitatu ya wizi. Marcell Sanders, mwenye besi, alifungwa kwa kuua bila kukusudia, kifungo cha mwaka mmoja hadi mitano. Hivyo ndani ya kundi moja walikuwamo watu waliojua tarehe ya kutoka na wengine ambao, kwa mujibu wa karatasi, wangefia humo.

Walianza na nyimbo za injili, kama makundi mengi ya weusi wa kusini. Gereza lilikuwa na bahati mbaya nyingi, lakini lilikuwa na kitu kimoja ambacho makundi ya mitaani hayakuwa nacho: muda. Hakuna aliyekosa mazoezi kwa sababu ya kibarua au safari.

Mvua uani

Wimbo uliowatoa ulianza siku ya mvua mwaka 1952. Bragg na mfungwa mwenzake, Robert Riley, walikuwa wanavuka uwanja wa gereza kwenda kazini huku wakilowa. Bragg akatamka kwamba wao wapo hapo wanatembea tu mvuani, na sijui wanawake huko nje wanafanya nini wakati huo. Riley akamwambia hayo ni maneno ya wimbo.

Bragg aliutunga wimbo wenyewe haraka, kichwani. Tatizo lilikuwa kwamba hakujua kusoma wala kuandika. Riley alijua. Wakapatana: Riley atauandika, na kwa kazi hiyo jina lake litaingia kama mtunzi mwenza.

Kwa wakati ule hayo yalikuwa mapatano ya wafungwa wawili wasio na chochote cha kugawana. Hakuna aliyeweza kukisia kwamba nusu ya wimbo ule ingekuja kuwa pesa. Lakini ndiyo mapatano yaliyodumu kuliko kundi lenyewe.

Kanda kutoka mkono hadi mkono

Mtu wa kwanza wa nje kuwasikia kwa makini alikuwa Joe Calloway, mtayarishaji wa vipindi vya redio, aliyefika gerezani kwa kazi yake ya habari. Alivutiwa, akawafanyia mpango wa kuimba redioni mjini Nashville. Sauti yao ikamfikia Red Wortham, mchapishaji wa muziki. Kazi ya mchapishaji si kuchapa tu: huusajili wimbo, huutafutia waimbaji na hukusanya malipo yake. Kutoka kwa Wortham kanda ikaenda kwa Jim Bulleit, aliyekuwa na hisa katika kampuni changa ya Memphis iliyoitwa Sun Records. Bulleit akaipeleka kwa mwenye kampuni, Sam Phillips.

Phillips alikuwa mzungu wa Alabama aliyefungua studio yake mwaka 1950 katika Barabara ya Union namba 706, chumba kimoja kidogo, akirekodi zaidi wanamuziki weusi ambao kampuni kubwa hazikuwatazama. Lebo yake ya Sun ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na nembo yake ya manjano ilikuwa na jogoo akiwika mbele ya miali ya jua.

Kuwatoa wafungwa watano nje ya gereza kulihitaji ruhusa ya wakubwa. Ilipatikana, kwa sababu Januari mwaka huohuo jimbo lilikuwa limepata gavana mpya, Frank Clement, mwanasiasa wa miaka 32 aliyeamini kwamba gereza linaweza kumrekebisha mtu. Mkuu wa gereza, James Edwards, alikuwa na msimamo huohuo. Kwa viongozi hao wawili, kundi linaloimba vizuri lilikuwa ushahidi unaotembea.

Siku ya kurekodi Phillips hakuwa na haraka. Wimbo wa mvua ulirudiwa tena na tena. Alichoupa mwishowe ni kitu chepesi mno: gitaa la Stewart peke yake, sauti nne zikivuma nyuma, na teno ya Bragg ikipanda juu polepole bila papara. Mtu akiusikiliza leo haoni alama yoyote ya studio ya bei rahisi. Anasikia chumba na watu watano ndani yake.

Umaarufu wenye pingu

Julai 15, 1953, gazeti la Memphis Press-Scimitar lilitoa makala ndefu kuhusu wafungwa hao na studio iliyowarekodi. Santuri ilianza kuuzwa mwezi huo na kupigwa redioni kusini mwa Marekani.

Kiangazi hichohicho kijana mmoja wa Memphis aliingia katika studio ya Phillips akalipa karibu dola nne ili arekodiwe sauti yake kwenye sahani moja ya kwake binafsi. Aliitwa Elvis Presley. Waandishi wengi wa historia ya muziki wanaamini makala ile ya wafungwa ndiyo iliyomwonyesha njia ya kwenda pale. Mwaka uliofuata Sun ilitoa santuri yake ya kwanza, na jina la kampuni hiyo likawa lake kuliko la mwingine yeyote.

Prisonaires nao walipata umaarufu wa aina yao. Walitolewa kuimba redioni na kwenye hafla, na mara kadhaa waliitwa nyumbani kwa gavana kuwaburudisha wageni wake. Walivaa vizuri, wakapigiwa makofi na watu ambao nje ya hapo wasingekaa nao meza moja, kisha usiku wakahesabiwa na askari kabla ya mlango kufungwa. Sun ilitoa santuri nne za kundi hilo kati ya 1953 na 1954, zikiwamo nyimbo za injili na mmoja wenye jina la sala ya mfungwa, "A Prisoner's Prayer". Hakuna uliofikia ule wa kwanza.

Kundi lilikuwa na ugonjwa ambao makundi mengine hayakuwa nao. Makundi ya mitaani huvunjika kwa ugomvi, ndoa au jeshi. Hili lilivunjika kwa habari njema: wanachama walianza kuachiwa huru. Mmoja baada ya mwingine walipata msamaha au wakamaliza muda wao. Kila aliyetoka aliacha pengo la sauti. Aliyebaki ni yule mwenye kifungo kirefu kuliko wote.

Bragg hakukata tamaa. Alikusanya wafungwa wengine, akaunda kundi jipya lililorekodi kwa majina tofauti, maarufu zaidi likiwa The Marigolds. Mwaka 1955, chini ya lebo ya Excello ya Nashville, Marigolds walitoa "Rollin' Stone", ukafika nafasi ya nane katika chati ya muziki wa weusi. Kwa mizani ya chati, hayo ndiyo mafanikio makubwa kuliko yote aliyoyapata Bragg kwa sauti yake mwenyewe.

Lakini wimbo huo haukuwa wake. Ulitungwa na Robert Riley.

Wimbo na sahani ni mali mbili

Hapa ndipo biashara ya muziki wa miaka ile inapohitaji kuelezwa, kwa sababu iliwachanganya hata waliokuwa ndani yake.

Sahani ya muziki ina mali mbili. Ya kwanza ni wimbo: maneno na sauti yake, mali ya mtunzi na mchapishaji. Ya pili ni rekodi: sauti ya waimbaji fulani siku fulani. Ni kama mapishi na mkate. Mwoka mikate hulipwa kwa mikate aliyoiuza. Mwenye mapishi hulipwa na kila anayeyatumia, ikiwa mapishi yameandikwa kwa jina lake.

Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1909 ilisema kwamba wimbo ukisharekodiwa mara moja, mtu mwingine yeyote anaweza kuurekodi upya bila kuomba ruhusa, mradi alipe senti mbili kwa kila nakala anayoitengeneza. Senti hizo zilikwenda kwa wenye wimbo. Waimbaji wa kwanza, wale ambao mtindo na maringo yao yalikuwa yanaigwa, hawakuwa na cha kudai. Redioni ilikuwa hivyohivyo, na bado ni hivyo hadi leo: stesheni za redio za kawaida Marekani huwalipa watunzi, si waimbaji.

Sheria hiyo ilizaa mchezo ulioenea sana katika miaka ya 1950. Kundi la weusi likitoa kibao kinachoanza kupanda, kampuni kubwa iliwaita waimbaji weupe haraka, ikawapa wimbo uleule, kisha ikausambaza kwenye maduka na stesheni ambazo kundi la kwanza halikuweza kuzifikia. Mwaka 1954 The Chords, vijana wa Bronx mjini New York, walitoa "Sh-Boom". Wiki chache tu baadaye The Crew-Cuts, vijana weupe kutoka Toronto, Kanada, wakaurekodi upya, na wao ndio walioupeleka kwenye nafasi ya kwanza. Bidhaa ileile, njia nyingine ya mpakani, na gari kubwa zaidi.

Kwa Marigolds ikawa vivyo hivyo. "Rollin' Stone" ulirudiwa mwaka huohuo wa 1955 na The Fontane Sisters, kina dada watatu weupe, ukapanda chati kuu ya Marekani. Wenye haki ya malipo ya nakala hizo walikuwa mtunzi na mchapishaji. Riley alikuwa kwenye orodha. Bragg, aliyeupa wimbo uhai, hakuwamo.

Hundi ya 1956

Zamu ya Bragg ilikuja mwaka uliofuata. Kampuni ya Columbia ilimpa mwimbaji wake Johnnie Ray ule wimbo wa mvua. Ray, mzungu wa Oregon aliyevaa kifaa cha kusaidia usikivu na aliyejulikana kwa kulia jukwaani, hakuupenda mwanzoni. Prodyuza Mitch Miller aliushikilia. Wakauwekea okestra, waitikiaji na mtu wa kupiga mluzi, wakauharakisha kidogo. Huzuni ya uwanja wa gereza ikageuka kuwa wimbo wa kutembea nao barabarani. Uliuza zaidi ya nakala milioni moja.

Hesabu yake si ngumu. Milioni moja kwa senti mbili ni dola 20,000. Kwa desturi ya biashara hiyo nusu ni ya mchapishaji, na dola 10,000 zinazobaki ni za watunzi. Watunzi wakiwa wawili, kila mmoja anapata 5,000. Kiwango cha mkataba kikiwa chini ya senti mbili, fungu linapungua, lakini mgawanyo ni uleule. Na hapo redio haijahesabiwa, wala Uingereza.

Husimuliwa kwamba hundi ya kwanza ilipomfikia Bragg gerezani aliitazama akaona dola 14, akaomba ziwekwe kwenye akaunti yake ya duka la gereza ili ajinunulie mahitaji madogo. Ikabidi aelezwe kuwa alichokishika ni dola 1,400.

Kisa hicho huchekesha kikisimuliwa, lakini ndani yake kuna jambo zito. Mtu asiyejua kusoma alikuwa amelindwa na karatasi ambayo yeye mwenyewe asingeweza kuisoma. Kama jina lake lisingeandikwa siku ile, au kama Riley angeandika jina moja tu, hakuna mahakama ambayo ingemsikiliza mfungwa wa miaka 594 akidai wimbo uliokuwa ukiimbwa London.

Na kuna upande wa pili. Thurman, Stewart, Sanders na Drue waliimba wimbo ule kwa saa kumi siku ile ya Juni. Gitaa linalosikika ni la Stewart. Katika fungu la watunzi la mwaka 1956, wao hawakuwa na senti. Hawakuibiwa na mtu. Hesabu tu haikuwa na safu ya majina yao.

Hata hivyo nusu ya Bragg ilikuwa kubwa kuliko waliyopata wengine wengi. Mwaka 1939 Solomon Linda, kibarua wa Kizulu mjini Johannesburg, alirekodi na kundi lake la Evening Birds wimbo uitwao "Mbube". Husemwa kwamba haki zake aliziachia kampuni kwa shilingi kumi. Wimbo ukavuka bahari, ukabadilishwa maneno, na mwaka 1961 kundi la duwopu la Brooklyn, The Tokens, likaufikisha nafasi ya kwanza Marekani kwa jina la "The Lion Sleeps Tonight". Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Familia yake ilipata suluhu mwaka 2006, baada ya kesi iliyofunguliwa kutokana na wimbo huo kutumika katika filamu ya Disney.

Linda alikuwa mtu huru na Bragg alikuwa mfungwa. Aliyelipwa ni mfungwa. Wafanyabiashara wana msemo wao wa zamani: mali bila daftari hupotea bila habari.

Uhuru usiotosha

Januari 1959, akikaribia kuondoka madarakani, Gavana Clement alimpunguzia Bragg adhabu, na mwimbaji huyo akatoka nje baada ya miaka 16. Alisaini na kampuni ya Decca akaanza kurekodi kwa jina lake.

Uhuru huo haukufika mbali. Mwaka 1960 alikamatwa tena kwa mashtaka ya wizi wa kutumia nguvu na kujaribu kuua, katika tukio ambalo pesa zilizotajwa zilikuwa dola mbili na nusu. Alirudishwa gerezani. Machi 1961, Elvis Presley, wakati huo mwimbaji maarufu kuliko wote duniani, alikwenda Nashville kupewa heshima na bunge la jimbo. Katika safari hiyo alipita gerezani akamsalimia Bragg. Wawili walioanzia chumba kimoja cha Barabara ya Union walikutana, mmoja kwa gari la msafara, mwingine kwa sare ya gereza.

Bragg aliachiwa mwaka 1967. Muziki aliouimba ulikuwa umepita. Vijana wa wakati huo walitaka magitaa ya umeme na ngoma nzito, na makundi ya sauti tano yalikuwa kitu cha kaka zao wakubwa. Wenzake wa kwanza walitangulia mmoja mmoja kama walivyotoka gerezani, naye akawa wa mwisho. Alifariki mwaka 2004. Gereza lenyewe lilikuwa limefungwa tangu 1992.

Wasifu wa kundi hili, ukipimwa kwa namba, ni mfupi sana: takriban miaka miwili ya kazi, santuri nne, hakuna hata moja iliyoingia chati kuu, hakuna ziara ya kimataifa, hakuna albamu katika uhai wake. Lakini santuri ile ya kwanza ilifanya mambo matatu ambayo makundi makubwa hayakuyafanya. Iliwapa gavana na wananchi wa Tennessee sababu ya kuwatazama wafungwa kama watu. Ililipa jina la Sun nafasi gazetini wakati ambao kijana mmoja wa Memphis alikuwa akitafuta mlango. Na ilithibitisha kwamba wimbo ulioandikwa vizuri, kwa majina ya wenyewe, unaweza kumtafuta mwenye nao hata nyuma ya nondo na kumkabidhi kilicho chake.

Hilo la mwisho lina mipaka yake, na ni vizuri kuikumbuka. Anayeiweka santuri ile kwenye kinanda leo anasikia sauti tano na gitaa moja. Akitafuta majina ya watunzi anakuta mawili. Mmoja wa hao wawili hakuimba. Alikuwa na kalamu.